Kompyuta Kumi na Moja Zinazoitwa Dada

Jumatatu, 3 Juni
Hapana, sikuiba. Nimenakili tu. Ukinakili, mwenye kitu anabaki nacho. Hivyo ndivyo nitakavyomjibu dada akiniuliza. Bado hajauliza, kwa hiyo niko msafi.

Dada yangu ametengeneza mfumo wa kuendeshea kompyuta, mwenyewe, chumba cha nyuma, feni moja. Ijumaa mkuu wa shule anakuja kuuangalia. Akiupenda, unaingia kwenye kompyuta zote za shule. Ila lazima uwe na programu ya mahudhurio. Hiyo anaiandika Miwani, jamaa wa mtaa wa pili. Mimi ni afisa mahusiano. Cheo nimejipa.

Shida: mfumo wa dada unajengwa wote kwa mpigo. Kompyuta inakaa saa saba nzima ikigeuza maandishi yake kuwa programu. Miwani akibadili herufi moja, saa saba nyingine. Kaniuliza kama mtu akitaka kujaribu dirisha ni lazima ajenge nyumba nzima. Nikampelekea dada swali. Dada kasema nyumba ni yake, na vitu vikijengwa pamoja ndiyo anajua hakuna kilichooza. Wote wana haki. Hapo ndipo sisi wengine tunapopata kazi. Nimechukua folda yake ya ndani, ile ya vipande vilivyokwisha kujengwa, nikaitia kwenye flashi.

Jumanne, 4 Juni
Flashi imegoma kwa Miwani. Kila kipande kinaulizia kompyuta inayoitwa DADA, ambayo ni ya dada. Miwani kacheka mpaka kavua miwani. Nikawaza. Nikanywa maji. Nikabadili jina la kompyuta ya Miwani, ikaitwa DADA. Ikakubali. Dakika mbili badala ya saa saba! Miwani kaniita profesa. Mimi, wa darasa la tano.

Jumatano, 5 Juni
Miwani kawaambia wenzake wanaoandika programu. Hadi jioni kompyuta kumi na moja mtaani zinaitwa DADA. Nikamwambia dada kwamba watu wa nje wanaupenda mfumo wake. Kafurahi, kasema basi anazipanga upya folda za ndani, zimekaa ovyo na anayezitumia ni yeye tu. Nilitaka kusema kitu. Chai ilikuwa inapoa.

Alhamisi, 6 Juni
Dada katoa toleo jipya asubuhi, wote wakaliweka. Programu kumi na moja zimekufa kabla ya saa nne, maana folda zilizozizoea zimehama, ya mahudhurio ikiwa ya kwanza. Wenyewe wakaja mlangoni. Dada kawauliza kabatini kwake walikuwa wanatafuta nini. Wote wakanigeukia. Dada akaniita "mdogo wangu" kwa ile sauti yake ya chini. Bora angenizaba kofi.

Miwani kaomba folda zirudishwe zilipokuwa. Dada kagoma: akirudisha, hatafagia nyumba yake tena maisha. Wakabishana mpaka wakachoka, ndipo wakaelewana. Iwe kama duka. Wa nje wanapewa vipande dirishani, na vya dirishani habadilishi bila kuwaambia. Ndani apange atakavyo.

Ijumaa, 7 Juni
Mahudhurio yamefanya kazi. Mkuu wa shule kaukubali mfumo. Kauliza tu kwa nini kompyuta ya Miwani inaitwa DADA. Dada kanitazama. Nikatazama feni.

Nimeapa mbele yao wote: hakuna kitakachotoka ila kupitia dirishani. Kisha dada akamsindikiza mgeni getini. Nikachungulia folda mpya za ndani. Jamani, zimepangwa, zinapendeza. Nimenakili.

Sasa wewe unayesoma shajara ya mtu bila hodi, tuelewane. Usimwambie dada, na flashi ya kwanza ni yako. Ila lete kompyuta yako kwanza, tuibadilishe jina.