Mpishi Anayeutaka Unahodha

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Nitakuwa nahodha wa Mende. Miezi minne ya upishi inatosha!

Mende ni chombo chetu cha angani, kwenye mchezo wa simu. Tumo watano, hatujuani hata kwa sura. Tunazunguka sayari, tunaokota madini, tunawakimbia maharamia. Kila mtu ana kazi yake. Mimi ni mpishi kwa sababu siku ya kwanza kidole kiliteleza. Jina langu humo ni Jenerali. Jenerali mzima, nakoroga supu.

Nahodha anajiita Radi. Jana katugongesha kwenye kimondo mara mbili. Kimondo kikubwa kama uwanja wa mpira! Jumamosi saa nne asubuhi tunatua sayari mpya, na hapo nahodha huchaguliwa upya. Mpango: kuwadokeza wenzangu, kwa upole, kwamba Radi haoni.

Kazini nimetengeneza miwani tisa. Mke wangu kapiga simu kuuliza ya mama yake. Nimesema iko mbioni. Iko kwenye droo, wiki ya tatu sasa, mkono mmoja umechomoka.

Jumanne, 4 Machi

Uvumi umeenea vizuri. Nilimwandikia rubani wetu, Kipanga, faraghani. Akasema hata yeye alishawaza hivyo. Nikawaandikia mafundi mitambo wawili, Mapacha. Wakataka ushahidi. Nikawatumia picha ya bonde lililoachwa na kimondo ubavuni mwa Mende.

Saa sita Radi akapata habari. Akaandika mbele ya wote kwamba ni kweli, macho yanamsumbua, tumvumilie. Wakamhurumia! Mapacha wamejitolea kumwonya kila kimondo kikikaribia. Nilitaka kumpunguzia kura, nimempatia wasaidizi.

Nyumbani mama mkwe hakugusa chakula. Yuko kwetu tangu apasuliwe goti. Kutwa kucha yuko kwenye kiti cha dirishani, simu puani. Nikamuuliza kulikoni.

"Kuna watu wana maneno, mwanangu. Hawajui kama yanachoma."

Nikasema majirani wa siku hizi hawana adabu. Nikamwongezea chai.

Jumatano, 5 Machi

Hesabu ya kura haidanganyi. Nina moja, yangu. Dawa ni kutengeneza mtu.

Dukani kuna simu ya zamani ya kuwaita wateja. Nikaingia nayo kwenye mchezo. Kazi iliyobaki wazi ilikuwa ya udaktari. Basi: Daktari Tulivu, mwanamke, kofia ya zambarau. Nikaomba nafasi kwenye Mende. Radi akanikaribisha kwa mikono miwili, na papo hapo akaanza kumweleza Daktari habari za goti lake. Goti la kweli, si la mchezo. Wazee wa siku hizi wote ni magoti.

Nikamjibu la kichwani: atembee hadi getini na kurudi, mara mbili, asubuhi na jioni, asikae kutwa kama gunia. Nilidhani atakasirika. Alicheka. Akaandika kwamba tangu mumewe afariki hakuna aliyethubutu kumwambia ukweli hivyo.

Kumbe ni mwanamke! Haidhuru. Mpinzani ni mpinzani.

Mwenye duka kaniuliza simu mbili za nini. Nikasema moja ya jicho la kushoto. Hakucheka.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya.

Mpango ulikuwa uyoga wa buluu. Ukiutia kwenye supu, anayekunywa huishiwa nguvu. Radi akilegea siku mbili kabla ya uchaguzi, nani atamchagua? Nikatia uyoga sita. Nikasahau kwamba chombo kizima hula chungu kimoja. Kipanga chini. Mapacha chini. Radi chini. Jenerali mwenyewe chini!

Na maharamia hao wanakuja. Ikabidi Daktari aingie kazini. Nilikuwa nimeshika simu ya duka mkono huu, bisibisi mkono ule, na mteja mbele yangu. Wagonjwa wote walisimama ndani ya dakika kumi na mbili. Mteja aliondoka na kioo cha kulia upande wa kushoto, akainua mguu kupanda ngazi isiyokuwepo.

Kipanga kaandika kwamba hajaona daktari wa namna hii. Waliyoandika kuhusu mpishi siyarudii hapa.

Jioni nimemkuta mama mkwe njiani kuelekea getini, kashika ukuta, hatua moja moja. Mke wangu kasimama mlangoni na mwiko mkononi, machozi yanamlengalenga. Wiki tatu muuguzi alimbembeleza mama atembee, akagoma. Nikasema ni matunzo mazuri ya mkwe wake. Mke wangu akarudi jikoni na mwiko wake.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu kasema nisirudi bila miwani ya mama. Nikaitoa kwenye droo. Parafujo moja tu! Dakika saba. Wiki tatu kwa parafujo moja.

Nikamkabidhi. Akaivaa, akanyanyua simu kuijaribu.

"Eee! Sasa vimondo naviona!"

Nikauliza vimondo gani. Akanigeuzia simu. Mende! Bonde ubavuni! Na juu yake limeandikwa jina: Radi.

Nilikaa. Nilichokalia ni kapu la nguo chafu.

Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto. Kuna wenzake wazuri. Kuna daktari, huyo ni malaika. Na kuna mpishi.

"Mpishi wetu, mwanangu, Mungu amsamehe tu."

Nikasema pengine wapishi nao wana shida zao.

"Huyo hana shida. Huyo ndiye shida."

Wakati huohuo kengele ya chombo ikalia kwenye mifuko yangu yote miwili. Mama hakutambua. Mke wangu alitambua. Ananijua miaka kumi na moja. Akanivuta jikoni, nikamwaga yote. Akasema nimweleze mama yake kabla ya Jumapili jioni, la sivyo atamweleza yeye.

Jumamosi, 8 Machi

Nilidhamiria kabisa kumpigia mama kura. Zote mbili.

Saa nne kasoro nikajifungia bafuni na simu zangu. Mama sebuleni na miwani yake. Ghafla Radi akaandika kwamba anajitoa. Kasema Mende anahitaji mtu mwenye moyo, na mtu huyo ni Daktari Tulivu.

Kajitoa! Njia nyeupe! Vidole vikatangulia akili. Jenerali akamchagua Jenerali. Daktari naye akamchagua Jenerali.

Matokeo: Daktari kura nne, Jenerali mbili. Nimeshindwa na mimi mwenyewe, tena hata sikukaribia.

Hoja ya kwanza ya wanachombo ikaletwa na Kipanga: mpishi atupwe nje. Wote wakaunga mkono. Kitufe hubonyezwa na nahodha peke yake. Wakangoja. Nikabonyeza. Jenerali akaelea gizani na upawa wake, akapungua, akapungua, akawa nukta. Miezi minne!

Sebuleni mama mkwe alipiga makofi.

Jumapili, 9 Machi

Nilimfuata getini. Sasa anafika mara nne kwa siku. Nikasema mama, kuna jambo. Akasema nimwache aanze yeye.

Akasema tangu mzee afariki alijiona kama chombo kilichowekwa kabatini. Watu wanampangusa vumbi, basi. Hata goti hakuona sababu ya kulihangaikia, aende wapi? Halafu mtu asiyemjua akamwita gunia.

"Nikacheka, nikaona haya, nikainuka. Siku nikimwona yule daktari nitamkumbatia mpaka aombe msaada. Ehe, ulitaka kusema nini, mwanangu?"

Nikafumbua mdomo. Nikasema parafujo ya miwani ikilegea aniambie mapema.

Nilipomsimulia mke wangu, alizima jiko kwanza. Kisha akasema basi, nisimwambie. Lakini kuanzia leo hila zikome. Niwe Daktari wa kweli, kila siku nimuulize mama yake goti linaendeleaje, na nisikilize jibu lote mpaka mwisho. Nikaapa. Nilimaanisha.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekuwa mtu mpya. Asubuhi Daktari kauliza habari za goti. Jibu lilikuwa refu, nimelisoma lote. Kesho mama atajaribu kufika duka la pembeni peke yake. Nilifurahi, siwezi kusema uongo.

Ila Mende hana mpishi. Radi kaandika kwamba wanatafuta mtu mnyenyekevu, asiye na tamaa ya ukubwa. Chombo hakiwezi kuruka na njaa.

Mchana nimemwomba mwenye duka simu yake mwenyewe, maana yangu imefungiwa pamoja na Jenerali. Nimemwambia ni ya jicho la tatu. Kanipa ili nimwondokee tu. Mpishi mpya anaitwa Ndugu Mpole, na amepokelewa saa nane. Supu yake ya kwanza imesifiwa na Mapacha wote wawili!

Uchaguzi mwingine ni Aprili. Ndugu Mpole ana nafasi nzuri sana. Nahodha aliyepo namfahamu vizuri, na hana ujanja wowote.