Nyota Zenu Zimemnyamazisha Mume Wangu

Kibanda cha Sabiri,
Mkata, Handeni.

Kwa Msimamizi wa Nyota za Filamu Mtandaoni,

YAH: KUOMBA NYOTA ZENU ZISIINGIE WILAYA YA HANDENI

Ndugu Msimamizi,

Pokea salamu zangu za heshima, na kama umenizidi umri, shikamoo. Mimi ni Zamda Mhina, mke halali wa Bwana Sabiri. Tuna kibanda umiza hapa Mkata, nyuma ya stendi, ambapo watu wanaonyeshwa filamu za nje. Mimi nauza tiketi na kukaanga mihogo mlangoni. Mume wangu anakaa mbele na kipaza sauti, anawaeleza watu kwa Kiswahili yanayosemwa kwenye filamu. Kiingereza anakijua kiasi, Kihindi anakibahatisha, Kichina hakijui kabisa, na hilo halijawahi kumzuia.

Siandiki kwa ugomvi. Naandika kwa sababu mume wangu hasemi tena, na mimi niliolewa kwa ajili ya ile sauti.

Chanzo ni Raymond, fundi simu aliyetoka Korogwe akaweka meza yake jirani na mlango wetu. (Ndiye anayenichapia barua hii. Nimemwambia asipunguze neno hata linapomhusu yeye.) Siku moja, filamu ikiwa inakaribia kuanza, alisimama na simu yake akatangaza kwamba filamu hiyo ina nyota mbili na nusu kati ya kumi kwenye mtandao wenu, na kwamba mtazamaji mmoja ameandika kuwa heri angebaki nyumbani aoshe vyombo. Watu walicheka. Wiki iliyofuata wakaanza kumuuliza Raymond kabla ya kuniuliza mimi. Sasa hata aliyekuja kununua mhogo tu anauliza nyota. Malalamiko yangu ni haya:

1. Filamu mnazozipa nyota siyo tunazoonyesha sisi. Chukua hiyo hiyo ya nyota mbili na nusu, ya mtu mwenye nyati. Ninyi mmeandika kuwa ni habari ya polisi anayetafuta almasi. Hapa Mkata filamu hiyo haijawahi kuwa na almasi. Kwa Sabiri ni habari ya ndugu wawili wa Misima wanaogombea mpaka wa shamba baada ya baba yao kufariki, na yule mnayemwita jambazi ni mjomba wao aliyekuja kusuluhisha. Mjomba akipigwa risasi, Bibi Mwanaidi wa benchi la mbele hujifunika uso kwa kanga, ingawa ameshaiona mara nyingi na anajua kabisa kuwa risasi inakuja. Wapo ndugu wa kweli waliopatana wakitoka kuiona filamu hiyo. Je, mlipotoa nyota zenu, mjomba mlimhesabu?

2. Watoa nyota wenu wanatazama peke yao. Wengine wanaandika wenyewe, bila aibu, kuwa walikuwa kwenye kochi na paka. Sasa mtu wa namna hiyo atajuaje kama filamu ni nzuri? Kwetu adui akijificha nyuma ya mlango, kibanda kizima kinampigia kelele stelingi mpaka anageuka. Huko kwenu amegeuka mwenyewe, bila msaada wa mtu, halafu mnasema filamu haina msisimko.

3. Tulijaribu kuwatii. Raymond akatuchagulia filamu ya nyota tisa kasoro kidogo. Ndani yake kuna bwana amekaa kando ya ziwa anakumbuka. Hapigani, haoi, hata samaki havui. Sabiri aliongea mpaka maneno yakamwishia, mwisho akawaambia watu kuwa bwana yule anasubiri basi la Korogwe. Basi watu wote wakaanza kulisubiri hilo basi. Filamu ikaisha basi halijafika, na lawama zote nikazipokea mimi mlangoni. Hapo ndipo Raymond akasoma kwa sauti maneno ya mtaalamu wenu mmoja: "Uzuri wa filamu hii ni ukimya. Maneno yangeiharibu."

Sabiri akakiweka kipaza sauti chini, polepole, akaenda kunywa maji.

4. Ukimya wa filamu hiyo umehamia nyumbani kwangu. Zamani mume wangu alitafsiri kila kitu: jogoo wa jirani, pikipiki inayokataa kuwaka, mimi nikinuna. Nikinuna alinitafsiri kwa sauti ya adui, mpaka nacheka na kusahau nilichonunia. Sasa anakula, anashukuru, analala. Amesema atarudi Misima kulima shamba la baba yake, na kibanda tukikodishe kiwe stoo ya mahindi. Begi ameshalifunga, liko nyuma ya mlango. Kila asubuhi nalipita nikienda kuwasha jiko, na roho inaniuma kweli.

5. Hili la tano ni ushahidi zaidi kuliko lalamiko. Jumapili iliyopita Raymond alileta filamu ya nyota nane. Jina likatokea, muziki ukaanza, umeme ukakatika. Kibanda chetu hakina dirisha, kwa hiyo mchana kweupe ndani kukawa giza tupu. Watu wakaanza kunyanyuka. Ndipo nikasikia sauti kutoka mbele, bila kipaza:

"Kaeni. Stelingi ameshashuka kwenye basi."

Wakakaa. Ndugu Msimamizi, Sabiri aliiendeleza filamu hiyo bila picha. Stelingi alikuwa mtu mwenye maneno mengi, akakutana na watu wa mbali wenye mizani ya kupimia maneno. Wakayapima ya kwake, wakamwambia ni mepesi. Akafunga begi. Mke wake, muuza mihogo, hakumzuia. Alimfungia mihogo ya njiani, mingi kuliko njia yenyewe. Bibi Mwanaidi akaanza kulia kabla hajafa mtu. Umeme uliporudi, kibanda kizima kilimpigia kelele Raymond azime, anawaharibia filamu, naye akazima haraka. Wakati huo huo nikasikia harufu ya mihogo yangu inaungua nje, nikakimbia. Niliporudi watu wanatoka wanafuta macho. Mwisho sikuujua, na nyumbani Sabiri akarudia ukimya wake.

Kwa hiyo naomba nyota zenu zibaki huko huko zinakotengenezwa. Ikibidi nyota ziwepo, kila kata itoe zake, na za Kerenge zisitumike Mkata. Au mtutumie mtaalamu mmoja, akae benchi la mbele na Bibi Mwanaidi, umeme ukiwa umekatika, ndipo ashike kalamu. Kuchagua filamu kwa nyota za watu usiowajua ni sawa na kuchagua mchumba kwa kuwauliza abiria wa basi lililokwisha pita. Nyota haziaminiki, na msimamo wangu huu hautabadilika.

Nisalimie wote hapo ofisini, pamoja na mpika chai, na yule wa kuosha vyombo mwambie huku vipo.

Ni mimi ninayesubiri haki yangu,

Zamda Mhina

Tanbihi: Raymond alipokuwa anataka kutuma barua hii alinionyesha jambo. Jumapili ile ile aliiandikisha filamu ya Sabiri kwenye mtandao wenu kwa jina la "Mihogo ya Njiani", na waliokuwa kibandani wakaipigia kura kwa simu zao. Ina nyota tisa nukta nane. Wenye vibanda wa Korogwe wameanza kumpigia simu wakiiulizia. Ndugu Msimamizi, filamu yenye nyota hizo haiwezi kuwa mbaya, watu wote hao hawawezi kukosea. Nimeshatangaza mlangoni kuwa kuanzia sasa hatuonyeshi kitu chini ya nyota tisa. Nawaomba sana mnitumie nakala, hata kwa basi lolote linalopita Mkata, maana walioiona wanakataa kunisimulia mwisho, eti watanimalizia utamu, na Sabiri anasema nikaione mwenyewe. Nataka tu kujua kama yule bwana aliondoka. Leo asubuhi begi halikuwepo nyuma ya mlango. Aliyelitoa yuko uani, ameanika nguo zake zote kwenye kamba, anamtafsiri jogoo wa jirani.