Walinzi Ishirini na Wanne wa Stendi ya Misumbi

Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu ya Misumbi, Ndugu Mtendaji wa Kata, waheshimiwa wenyeviti wa mitaa yote minne pamoja na ule wa tano ambao bado una mgogoro wa mpaka, Baba Mchungaji, Shehe wetu, wazee wangu ambao nawaambia shikamooni (Marahaba!), wamiliki wa baa, grosari na vilabu vya pombe za kienyeji, wahudumu, wachoma kuku, wachoma mishikaki, madereva wa bodaboda mliovaa kofia ngumu na ninyi ambao kofia mmezisahau nyumbani, mabibi na mabwana: kama kuna mtu nimemruka, ajihesabu ametajwa, maana orodha niliyopewa ina kurasa mbili, na moja nimeikalia kwenye gari. (Vicheko.)

Kwa wale wasionifahamu, na nasikitika kwamba mpo, mimi naitwa Zefania Chediel, Kaimu Mratibu Msaidizi wa Usalama wa Jamii Nyakati za Usiku, cheo ambacho nimekikaimu kwa miaka minne kwa uadilifu mkubwa, hasa ikizingatiwa kwamba hakuna mwingine aliyekiomba. (Makofi machache.) Nimesimama hapa alasiri hii, mbele ya stendi yetu, ili kuzindua rasmi, kwa mapana na marefu yake, mradi wa Walinzi Rafiki wa Usiku, mradi ulio shirikishi, jumuishi na endelevu, uliopitia hatua zote za planingi, konsaltesheni, kapasiti bildingi, na hatua nyingine moja ambayo jina lake lilitajwa kwenye semina kule Dodoma wakati mimi nimetoka nje kupokea simu.

Ndugu wananchi, yaliyotokea mwezi wa nne sote tunayakumbuka. Luciana, mhudumu wa baa ile ya ng'ambo ya stendi, ambaye namwona amekaa pale mstari wa tatu, alimaliza kazi saa saba usiku, akapita peke yake kichochoro cha nyuma ya mashine ya kukamua alizeti. Vijana wawili wakamvamia, wakamnyang'anya simu na mkoba, wakamsukuma mtaroni. Akavunjika mkono. Akalala mle hadi alfajiri, waumini waliokuwa wanakwenda kuswali walipomsikia akilia.

Siku hiyo hiyo mlijaa ofisini kwangu. Nami nikapanda juu ya kiti, kile cha ofisi chenye magurudumu, hatua ambayo sikuwa nimeifanyia tathmini ya kutosha, na kabla sijaanguka niliwahi kuahidi kwamba ndani ya wiki mbili mtapata walinzi wa jamii ishirini na wanne, wenye filimbi, tochi na vizibao vinavyong'aa. (Sauti: “Tulisikia!”) Mlisikia, na mkanisaidia kunyanyuka, jambo ambalo nimelitaja kwenye ripoti kama ushirikishwaji wa jamii.

Wiki mbili hizo, kwa lugha ya kitaalamu, zimekuwa miezi saba. Lakini ofisi yangu haikulala: tuliunda kamati, kamati ikaunda kamati ndogo, kamati ndogo ikaomba mafunzo ya namna ya kukaa kwenye kamati, na mimi mwenyewe nikachora ramani ya mkakati yenye mishale ya rangi nne, ingawa mmoja kati ya mishale hiyo unaelekea Manyoni na hadi leo hatujajua kwa nini. Na matokeo, ndugu zangu, yanaonekana kwa macho. Kabla ya hapo, matukio ya uporaji hapa stendi yalikuwa tisa kwa mwezi. Tangu mwezi wa tano hadi leo, ni moja tu! (Makofi. Sauti ya mama: “Huyo mmoja ni nani?”)

Mama Ritha, ambaye ndiye mchoma kuku wetu hapo kwenye kona, anauliza huyo mmoja ni nani. Ni swali zuri. Ni mimi. (Kicheko kikubwa.)

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa tano. Nilikuwa kwenye zoezi la monitaringi na evaluesheni ya maeneo ya starehe, zoezi ambalo nililifanyia mezani, kwa chupa nne. Nilipotoka, wanaume wawili wakanifuata. Nikageuka nikawaambia kwa sauti ya mamlaka, “Mnamjua mnayemfuata? Mimi ni Kaimu Mratibu Msaidizi!” Mmoja akamwambia mwenzake, “Basi huyu hakosi simu nzuri.” Ndugu wananchi, nilikimbia. Kiatu kimoja nikakiacha, simu ikaenda, nikaanguka kifudifudi, nikapiga mayowe ambayo naambiwa hata kijiji cha Mtinko walidhani ni fisi. (Vicheko.)

Waliotokea hawakuwa walinzi wangu. Lilikuwa kundi la watu kama kumi na watano, Mama Ritha mbele na koleo la mkaa mkononi, wahudumu wa baa wamejifunga kanga juu ya sare zao, bodaboda wawili nyuma wakimulika njia. Wale wanaume wakatoweka. Aliyenipa mkono niinuke alikuwa Luciana, na ulikuwa mkono mmoja tu, kwa sababu ule mwingine ulikuwa bado kwenye plasta. Akaniuliza, “Baba, unakaa mtaa gani?” Nikamwambia. Akawageukia wenzake, akasema, “Leo tunaanza na huyu.”

Ndipo nikafahamu kwamba tangu wiki ile ya mwezi wa nne, kila baa zikifungwa, wanakusanyika kwenye jiko la Mama Ritha, wanahesabiana, kisha wanatembea pamoja mtaa kwa mtaa hadi wa mwisho aingie kwake na kufunga mlango. Hakuna aliyewatuma. Hata tochi hatukuwapa.

Tulipofika nyumbani, mke wangu Felista akafungua mlango, akautazama umati ule, akaniuliza, “Hawa ndio walinzi wako unaowasema kila siku?”

Nikamjibu, “Ndiyo.” (Miguno.)

Na Jumatatu nikaandika hivyo hivyo kwenye ripoti.

Sasa, bila kupoteza muda, naomba niwaite kwa majina walinzi wetu ishirini na wanne wasimame tuwaone… jamani, hiyo karatasi! Ishikeni! Upepo wa Singida hauna itifaki. (Mama Ritha anaidaka karatasi.) Ahsante, Mama Ritha, nirudishie. Si lazima uisome. Nimesema si laz— (Mama Ritha, kwa sauti: “Philipo Simoni, mlinzi, kanda ya stendi. Si baba yangu mdogo huyu? Wa kijijini Mgori? Ana miaka themanini na moja, na jicho moja halioni!”)

Ndiye. Na wenzake wote ni wa Mgori. Hayo ni mahudhurio ya semina ya wafuga nyuki. (Zogo.) Naomba utulivu! Niliona majina yametulia, yana sahihi, nikaona yasikae bure.

Tumalizie kwa kaulimbiu. Nikisema “Walinzi wa usiku!” mnajibu “Macho yetu!” Walinzi wa usiku! (Sauti nyingi: “Wako wapi?”) Siyo hiyo. Walinzi wa usiku! (“Wako wapi?”) Haya. Hiyo nayo ina mdundo.

Basi kwa heshima na taadhima nawashukuru wadau wote wa mradi huu, ambao haukuwahi kuwepo. Haukuwa na mlinzi, haukuwa na filimbi, haukuwa na kizibao. Ulikuwa na jina, na mimi. Mama Ritha, Luciana na wenzenu, niliandika kazi yenu kwa jina langu, na mbele ya watu hawa nalifuta jina hilo. Nisameheni. (Luciana anasimama: “Kaimu, Jumamosi upande wa Mnadani hatuna mtu wa kutembea nyuma. Utakuja?”)

Mimi? (“Wewe. Saa saba kamili. Na usije na hotuba.”) (Makofi marefu.)

Nitakuja. Katibu wa kikao, andika: Kaimu amekubali. Andika kwamba atatembea nyuma. Halafu pale chini, kwa herufi ndogo kabisa, andika kwamba anaogopa giza.