Naomba Cheti cha Kwamba Nohelia Anaona

Kijiji cha Cerro Partido
Tarehe 9 Mei

Kwa Licenciado Umanzor,
Mkuu wa Kampeni ya Macho,
San Gaspar del Monte.

Mheshimiwa Licenciado,

Salamu nyingi kutoka kwangu mimi Tránsito Gámez. Natumaini barua hii inakukuta salama wewe, mkeo, wanao, na yule karani wako mwenye kalamu mbili mfukoni. Sisi huku hatujambo. Mume wangu Santos hajambo, yuko shamba la watu anapalilia kahawa. Mama mkwe wangu Mercedes hajambo ila goti, na anasema akisikia tu jina la ofisi yako goti linaanza. Binti yangu mkubwa Delmi hajambo, siku hizi anatusomea hata maandishi ya kwenye gunia la mbolea. Kitinda mimba wangu, Ever, yuko mgongoni ninapoandika, ametoa meno mawili, ananiuma bega, hajambo. Nohelia, wa katikati, mwenye miaka mitano, naye hajambo sana kwa mujibu wa ofisi yako. Ndiyo sababu naandika.

Nisamehe mwandiko, niliishia darasa la tatu. Malalamiko yangu nimeyapa namba kwa sababu karani alisema kisicho na namba hakisomwi.

1. Hili la kwanza ni shukrani. Mwezi wa pili mlituletea fomu yenye swali moja: je, mtoto ana ubaya wa jicho? Swali fupi, halichoshi. Wewe umesoma, kwa hiyo kwako ubaya wa jicho ni jicho lenyewe kuharibika. Sisi huku ubaya wa jicho ni mtu mwenye macho makali kumtazama mtoto mchanga, akamsifu uzuri wala asimguse. Basi mtoto anashikwa na homa, anatapika, analia, mpaka apitishwe yai mwili mzima na yai livunjwe kwenye glasi ya maji. Mliuliza, tukajibu kwa moyo mmoja. Watoto hamsini na watatu wanao. Nohelia niliandika hana, maana amevaa uzi mwekundu mkononi tangu azaliwe, na macho ya mtu hayajawahi kumdhuru.

2. Mwezi wa tatu madaktari wenu wakapanda mlima na maboksi ya dawa za matone. Walikuta uwanja wa shule umejaa akina mama, kila mmoja na mtoto mgongoni na yai mkononi. Daktari, kijana mwenye adabu, akauliza macho mabaya ni yapi. Kijiji kizima kikamnyooshea kidole don Lorenzo, mwenye nyumbu. Wakamkalisha, wakamsomesha herufi, wakakuta anaweza kumwona inzi ng'ambo ya korongo. Lakini walikuwa wameshachoka na mlima, na hawakutaka kushuka bila kumtibu mtu, wakampa miwani nyeusi ya jua. Nakuarifu kwamba tangu aivae, hakuna mtoto aliyeshikwa na homa ile. Kampeni imefaulu, mheshimiwa. Sijui kwa nini hamkuliweka kwenye ripoti.

3. Maana ripoti yenu ilisema Cerro Partido hakuna ugonjwa wa macho, kuna ushirikina, na kijiji kikafutwa kwa mstari kwenye orodha. Tarehe 21 madaktari wa mji mkuu wanakuja San Gaspar kwa siku tatu kupasua macho ya watoto. Vijiji tisa vitashuka. Sisi tumeruhusiwa kupumzika.

4. Mimi sikupumzika. Jumanne nilikuja ofisini kwako kwa miguu, Nohelia nimemshika mkono, Ever mgongoni, na doña Eduviges mbele yetu. Huyu doña Eduviges ndiye mlinzi wa afya wa kijiji chetu, mlimchagua wenyewe. Anapita nyumba kwa nyumba na tochi, anafunga mlango mchana kweupe chumba kiwe giza, anamulika watoto machoni. Jicho zima linameta jekundu kama kaa la moto. Jicho lenye wingu halimeti. Nohelia ana wingu, mheshimiwa, ndivyo tunavyoliita huku, kitu cheupe katikati ya macho yote mawili kama tone la maziwa. Alipokuwa na miaka miwili alikuwa ananionyesha vipepeo ambao mimi sikuwaona. Sasa ananitambua kwa moshi wa nguo zangu.

Karani wako akafungua daftari, akateremsha kidole, akasimama kwenye jina.

"Mama, huyu ameandikwa hana kitu. Siwezi kumpa mtoto mzima nafasi ya mgonjwa."

Wakati huo huyo mtoto mzima alikuwa ameshafika kwenye kabati lako la mafaili. "Shikamoo, bwana," akaliambia, akasubiri. Kabati halikuitikia, na silaumu, maana karani pia hakuitikia. Doña Eduviges akamwomba afunge dirisha amwonyeshe macho ya mtoto kwa tochi. Karani akasema tochi haimo kwenye fomu.

"Na wewe je, mwanangu," doña Eduviges akamwuliza, "nikumulike? Maana sina hakika kama humo ndani kuna kinachometa."

Tukatolewa nje. Njiani Nohelia akaniuliza yule bwana mrefu wa chuma alikuwa amekasirika nini. Nikamwambia ana kazi nyingi.

5. Sasa ombi lenyewe. Kwa kuwa daftari linasema Nohelia anaona, na daftari halikosei, tatizo ni kwamba Nohelia mwenyewe hajaarifiwa. Naomba cheti chenye muhuri na sahihi yako, kinachosema anaona. Delmi atamsomea kila asubuhi kabla ya uji wa mahindi. Naamini akishalijua jambo hili rasmi ataacha kuweka mkono kwenye bamba la moto la kuokea tortilla, mikate yetu ya mahindi, akitafuta bakuli lake. Juzi ameungua vidole viwili. Hapo kosa ni la moto, bila shaka, kwa hiyo naomba nakala moja tuibandike jikoni.

Nakala ya pili iende kwa mwalimu, anayekataa kumwandikisha eti hataweza kuona ubao. Nakala ya tatu tutaifunga kwenye shingo ya nguruwe wa jirani, ambaye amemwangusha mara nne kwa ujinga wa kutojua kwamba ameonekana. Ya nne tutaitundika pale ukingo wa korongo. Santos ameweka uzio wa miti, lakini uzio hauna muhuri.

6. Hili ni dogo, ila nalala nalo na kuamka nalo. Doña Eduviges alifundishwa na madaktari wenu wenyewe kwamba jicho la mtoto ni kama mlango, na nyuma ya mlango ubongo unangoja wageni. Mlango ukifungwa muda mrefu, ubongo unachoka kungoja, unaondoka. Baada ya hapo hata ukiufungua mlango hakuna wa kupokea. Kila mwezi unaopita ni hasara, alisema, na madaktari hawatarudi San Gaspar mpaka mwaka ujao. Kwa hiyo, mheshimiwa, naomba pamoja na cheti uuandikie ubongo wa Nohelia barua ya kiofisi kwamba usiende popote, usubiri, suala lake linashughulikiwa. Labda ubongo utakusikiliza wewe. Mimi nimeuomba kila siku, na sina cheo.

Namaliza hapo nisikuchoshe. Msalimie mkeo, wasalimie wanao mmoja mmoja, waambie mama mmoja wa mlimani anawaombea macho mazuri. Msalimie karani. Lisalimie kabati. Mama mkwe anakusalimu, Delmi anakusalimu, Ever angekusalimu lakini anauma bega. Nohelia anasema shikamoo, na safari hii nimemhakikishia kwamba anayemwamkia ni mtu.

Ni mimi mtiifu wako, mama wa mtoto mzima,

Tránsito Gámez

Nyongeza: Licenciado, nimeisoma barua hii mara mbili, na siwezi kuituma bila kusema hili.

Swali la fomu nililielewa. Wiki ile doña Eduviges alikuwa ameshammulika Nohelia, macho yote mawili hayakumeta, akanieleza polepole fomu inauliza nini hasa. Nikaandika hana. Siku madaktari walipokuja walikuwa hatua thelathini kutoka mlangoni kwangu. Nilikuwa nimesikia sokoni kwamba wanalitoa jicho, wanaliosha mezani, na wakati mwingine halirudi. Nikamficha nyuma ya ghala la mahindi. Nilimwambia ni mchezo, asitoe sauti. Hakutoa. Alikaa pale mpaka madaktari wakashuka mlima, anacheka kwa kuziba mdomo, akidhani ameshinda.

Daftari lenu halikukosea kusoma. Lilisoma nilichoandika mimi. Karani hana kosa, na kijiji kisibebe langu. Yafute malalamiko yote sita, lakini jina lake usilifute.

Bado naogopa. Ila sasa naogopa zaidi asipokwenda.

Usiandike barua, inachelewa kufika. Kuna redio ya San Gaspar inayosoma matangazo ya watu saa sita mchana. Kuanzia kesho hatutaizima. Waambie wataje jina lake tu, Nohelia Gámez, tutaelewa, na tutakuwa njiani kabla wimbo unaofuata haujaisha. Tafadhali fanya haraka.

T. G.