Kapteni Kimondo Apewa Meza

Jumanne, 2 Oktoba 1973

Redio imetangaza. Kapteni Kimondo anarudi! Tumekaa bila yeye tangu chombo chake kilipopotea nyuma ya pete za Zohali, watu wa chuma wakimfuata. Furaha yangu ilidumu mpaka mtangazaji alipotaja siku. Zamani mchezo wake wa redio ulikuwa Alhamisi. Sasa ni Ijumaa, saa moja na nusu jioni.

Ijumaa! Jua likizama hapa Kiogoro Sabato inafunguliwa, na mama mdogo Bathsheba, ninayekaa kwake, anaifunika redio kwa kitambaa chake cha kufuma hadi Jumamosi jioni. Hajali nani amepotea nyuma ya nini.

Kuna jambo baya zaidi. Mzee Ratemo, karani mkuu wetu pale chama cha ushirika cha kahawa, ndiye pia mzee wa kanisa letu. Mwisho wa mwezi atasema kama nithibitishwe kazini au nirudi kwetu Nyacheki kuchuma chai. Siku aliponisaili mara ya kwanza niliomba samahani kabla hajaniuliza lolote. Nikajiuliza Kapteni angefanya nini. Nikajibu maswali yote. Nusu ya kazi hii ni yake. Siwezi kumtupa.

Jumatano, 3 Oktoba

Nimepata njia! Sabato hairuhusu redio, lakini inaruhusu kutembelea wagonjwa. Karani mwenzangu Mogire ni Mkatoliki, ana redio, na amepanga chumba mjini karibu na soko. Nimemwomba augue Ijumaa. Aliuliza augue nini. Nikasema chochote kisichoambukiza. Akacheka, akasema, “Okemwa, utanizika mapema wewe. Haya, lete betri mpya.”

Alhamisi, 4 Oktoba

Nimemwambia mama mdogo kwamba Mogire yu mahututi. Nilikusudia kusema hajisikii vizuri, ila mama mdogo alinikazia macho nikaogopa. Alishika kifua. Akasema maskini, mtoto wa watu, na mama yake yuko mbali! Nilijisikia vibaya mpaka chakula kilipoletwa.

Ijumaa, 5 Oktoba

Mogire alikuja kazini akipiga mluzi. Nilimsihi akohoe. Alikohoa mbele ya Mzee Ratemo, vizuri sana, mkono ukiwa kifuani. Mzee akamruhusu aende akapumzike. Mambo yanaiva. Natoka sasa, Biblia mkononi, betri mfukoni.

Jumamosi, 6 Oktoba

Sina hakika kama kuandika shajara siku ya Sabato ni kazi. Kwa usalama naandika kwa penseli.

Jana muziki ulipoanza nilisisimka mwili mzima. Nikangoja roketi. Hakuna roketi. Nikangoja watu wa chuma. Mlango ukafunguliwa, kiti kikakwaruza sakafu, na Kapteni akasema, “Naomba faili la mwezi uliopita.”

Wamempa meza! Amerudi duniani, ameajiriwa katika Wizara ya Sayari, na anatia sahihi ili apewe karatasi za kukaushia wino. Pete za Zohali alizivukaje? Hakuna neno. Kisha mkubwa wake akaingia, na Kapteni, yule aliyecheka mbele ya mizinga ya watu wa chuma, akasema, “Samahani, mzee. Halitarudiwa.” Sauti ilimtetemeka. Naijua sauti hiyo. Ni yangu.

Mogire aliuliza kama hadithi huwa hivi siku zote. Nikasogeza sikio karibu na redio.

Ndipo tukasikia wimbo nje. Sauti nyingi, na juu ya zote ya mama mdogo! Kumbe ameita akina mama wote wa Dorkasi, kile chama cha huruma cha kanisa letu, waje kumwombea mahututi, na Mzee Ratemo mbele yao. Mogire aliruka kitandani na viatu vyake. Nikakimbilia redio. Kitufe kilishavunjika siku nyingi. Mogire huizima kwa kutoa betri, na kifuniko kimefungwa kwa waya. Nilikuwa bado nahangaika na waya walipoingia na birika la uji wa wimbi.

Kapteni alikuwa anatafuta pini.

Mama Nyamoita, mkubwa wa Dorkasi, aliuliza polepole kama huyu si yule aliyepigana kule kwenye pete. Mzee Ratemo, macho yamefumbwa, kitabu cha nyimbo kifuani, akasema, “Huyu si yeye.”

Betri zikatoka. Wakaomba, tena kwa kirefu, hata Mogire akaanza kunong'ona kwamba anahisi homa. Mwishoni alipiga ishara ya msalaba na kunywa uji wote. Njiani kurudi, mama mdogo alinibebesha birika tupu.

Jumatatu, 8 Oktoba

Mzee Ratemo aliniita. Kupitia mlangoni tulimwona mahututi akila mandazi na kuwachekesha wapiga chapa. Mzee alisema karani anayemtangaza mgonjwa mtu mwenye afya ataandika pia kahawa isiyokuwako. Hatanithibitisha mwezi huu. Atanitazama mpaka Januari, na nikidanganya tena, Nyacheki. Nikasema samahani, mzee, halitarudiwa.

Nilikuwa nimeshika kitasa aliponiita tena. Akapanga kalamu zake. Akauliza, eti kabla wao hawajafika, ilielezwa jinsi Kapteni alivyotoka kwenye zile pete? Nikasema hapana, mzee. Hata kidogo? Hata kidogo. Akavua miwani.

“Wamemharibu,” akasema. “Mtu kama yule, kumwogopa mkubwa wa ofisi!”

Akanitazama. Nikamtazama. Akasema nifunge mlango kwa nje.

Alhamisi, 11 Oktoba

Nimejifunza. Kosa langu lilikuwa kumtumia mtu asiyeumwa. Nyangate wa stoo, mwenye redio yenye kitufe, ana goti bovu kweli kweli. Jana hakuweza kupanda ngazi. Nilifurahi kupita kiasi, ikabidi nigeuze uso.

Mchezo wenyewe siutaki tena. Umekufa. Lakini nimewaza usiku na mchana: labda ile meza ni hila. Labda Kapteni anajifanya karani ili awanase watu wa chuma walioko wizarani! Hapo sauti ile ya woga ingekuwa na maana. Mtu hawezi kukata tamaa kwa jioni moja tu.

Nimemweleza mama mdogo habari za goti. Kweli tupu, nimesema bila kutetemeka. Nikaongeza kwamba ugonjwa huu hauhitaji wageni wengi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama Nyangate hutumia sukari kwenye uji.