Meno ya Matairi ya Kifungo

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Binti yangu kachagua matairi. Mimi sijaulizwa. Mimi! Niliyembeba mgongoni, niliyemshonea kila nguo aliyowahi kuvaa, hata nikamwita Kifungo!

Alhamisi anaanza mashindano ya baiskeli za milimani. Siku nne, kila siku mlima wake, muda wote unajumlishwa mpaka Jumapili. Wasichana ishirini na wawili. Watano wa kwanza wanachukuliwa na timu, wanapewa kocha, na kazi yake ya kupeleka vifurushi anaiaga. Miaka miwili anajiandaa. Halafu anachagua matairi membamba, meno madogo kama ya panya! Eti mepesi, yanakimbia kwenye ardhi kavu. Fundi baiskeli kamuunga mkono. Nikawaambia nimeshona miaka ishirini na sita, na kitambaa chepesi ndicho cha kwanza kuchanika. Kifungo akanibusu kwenye paji la uso, akasema miguu ni yake.

Miguu ni yake! Kaitoa wapi?

Jumanne, tarehe 10 Juni

Mama Kipaza kaja kujaribu gauni. Ni jirani yangu wa mlango wa pili, jina hilo kapewa na mtaa mzima, na ukimsikia huulizi kwa nini. Binti yake naye yumo mashindanoni. Akatangaza kwamba matairi ya binti yake ni mapana, meno kama ya mamba. Nilikuwa na pini nne mdomoni, sikuweza kumjibu. Niliumia sana.

Saa kumi nikaenda kwake, nikijidai nimesahau kipimo cha kiuno. Baiskeli ile hapo sebuleni. Alipokwenda kuepua sufuria, nikapitisha utepe wangu juu ya tairi. Inchi mbili na robo! La Kifungo halifiki hata mbili. Mama Kipaza akanikuta nimepiga magoti. Nikasema natafuta pini. Akasema pini zangu anajua zinapokaa.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Akili niliyopewa mimi si ya kawaida.

Nimemnong'oneza Mama Kipaza kwamba matairi membamba ndiyo siri ya mabingwa wote. Nikasema kwa ujirani tu, niko tayari tubadilishane: yetu kwao, yao kwetu, na juu yake namwekea lesi ya bure shingoni mwa gauni. Akakubali sijamaliza hata kusema! Eti binti yake analalamika wiki nzima kuwa yale mapana ni mazito. Maskini, katoa mamba kapokea panya. Nilicheka mwenyewe kwenye ngazi.

Baiskeli zote mbili zilikuwa kwa fundi kukaguliwa, wasichana wamekwenda kuchukua namba zao. Nikamwambia fundi wamekubaliana wenyewe. Akauliza kama nina hakika. Akauliza tena. Mara ya tatu nilimtolea jicho, akabadilisha.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Jua. Ardhi imekauka kama ukoko.

Kifungo kaona matairi kwenye mstari wa kuanzia. Akamtazama fundi, fundi akanitazama mimi, mimi nikatazama milima. Muda wa kubadilisha haukuwepo. Kapanda kilima matairi yakinguruma kama cherehani isiyotiwa mafuta. Wa kumi na mbili! Binti wa Mama Kipaza, na vitairi vyetu vile, wa pili. Mama yake kamtangazia kila mtu, na waliokuwepo na wasiokuwepo.

Nikamwambia leo tulikuwa tunapima tu. Kukata bado.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Hapa mashindanoni tunalala kwenye mahema, nami nilikwenda kwenye la Mama Kipaza kwa heshima zangu zote. Nikamwambia dada, watoto ni wetu sote, turudishiane. Akasema makubaliano ni makubaliano, na lesi yake anataka nyeupe.

Kifungo wa kumi na tatu. Wa kumi na mbili kwa jumla, yuko dakika tisa nyuma ya wa tano. Kala chakula kanipa mgongo. Nikakaa karibu naye, nikamwambia ajikaze. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia tangu akiwa na meno ya utoto, kwamba Jumatatu pengine ataamka kwenda kupeleka vifurushi kama kawaida.

Nikatoka nje ya hema. Nilijifuta macho kwa utepe wa kupimia, ndio uliokuwa mkononi. Vumbi la huku ni jingi mno.

Siombi radhi. Kosa ni la jua.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

MVUA! Mvua ya ndoo! Tope mpaka kwenye vifundo vya miguu! Wasichana wanateleza kama sabuni, na Kifungo wangu anapita katikati yao, mamba anang'ata, mamba haachii. Wa kwanza! Nimecheza mbele ya watu wazima na kiatu kimoja, kingine kilibaki topeni. Sasa ni wa saba kwa jumla. Binti wa Mama Kipaza kaanguka mara tatu, kashuka mpaka wa sita. Mama Kipaza kanyamaza, na kwa mara ya kwanza nimejua milima hii ina ndege.

Nikamuuliza fundi, unaona? Akasema hakuna aliyejua kama mvua itanyesha. Nikamwambia goti langu la kushoto lilijua tangu Jumatatu. Halikujua, lakini atapinga vipi? Goti ni langu.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Asubuhi nawakuta wasichana wawili wamekaa juu ya turubai na fundi, magurudumu yote yamefunguliwa. Wamekubaliana bila mama yeyote! Kila mmoja tairi moja moja: la meno makubwa mbele, lishike kona za tope kwenye mteremko; jembamba nyuma, liende kwa wepesi kwenye mlima. Kumbe miaka yote hii hawa wanafanya mazoezi pamoja.

Mama Kipaza na mimi tulipiga kelele kwa pamoja. Nani kaona gauni lenye mikono miwili tofauti? Fundi akatuomba tusimame upande wa pili wa kamba.

Tukasimama. Saa mbili nzima. Sijui ni nani aliyemshika mwenzake mkono, ila kucha za yule mwanamke zimeniachia alama. Binti yake kaibuka kwanza, amekuwa wa nne kwa jumla. Halafu nikaiona jezi niliyoishona mwenyewe. Wa tano! Kamshinda wa sita kwa sekunde kumi na moja! Mama Kipaza kalitangaza jina la mwanangu bonde zima, na leo sauti ile nimeipenda.

Jumatatu, tarehe 16 Juni

Nimeueleza mtaa mzima. Bila mimi, nyumba hii ingekuwa na panya wawili na ile nyingine mamba wawili. Nani aliyechanganya? Watu wametikisa vichwa. Ni mshangao.

Kifungo kaja na barua ya timu, kanisomea mara mbili, kisha kaniweka mkono juu ya cherehani. Akasema niape sitagusa tairi lake tena maisha yangu yote. Nikaapa. Akanikumbatia mpaka miwani ikapinda.

Na kiapo nitakitunza. Matairi siyagusi.

Lakini kile kiti cha baiskeli! Nimekipima alipokuwa anaoga. Inchi tano na nusu, kigumu kama ubao, na mwanangu nimemzaa mimi, najua anavyokaa. Kesho asubuhi nampelekea Mama Kipaza gauni lake. Nitapima kiuno mara ya mwisho, na ile baiskeli iko sebuleni.