Sampuli ya Korosho Moja

Mikdad wa Dunda alikuwa na vipaji viwili: kimoja kapewa na Mungu, kingine kajipa mwenyewe. Cha Mungu ni ulimi. Cha kujipa ni kuonekana amechoka.

Mwenye nyumba alikuwa ameshataka baraza lake, lile ambalo Mikdad alikaa na kompyuta yake akitengeneza kadi za harusi, na mwezi ukiisha alitakiwa awe amehama. Basi siku aliyokuja Bimdogo kutafuta mtu wa kumchorea kanga za sare kwa harusi ya bintiye Adila, Mikdad hakumwona mama wa harusi. Aliiona fremu. Bimdogo alikuwa na fremu tupu ya duka pale barabarani, na kila Mikdad akiipita mate yalimtoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kanga unaziweza? Nataka nakshi ambayo haijavaliwa Bagamoyo nzima. Kila mwalikwa atanunua kwangu, na bei nitaipanga mimi."

Mikdad akasikia harufu ya tamaa, akafurahi kukutana na ndugu.

"Naziweza, ila kanga si kadi. Ina pindo, ina mji wa katikati, na mji wote ujae korosho. Maelfu, mama. Nami nachora moja moja, kwa mkono wangu huu."

Korosho hizo si za kutafuna. Ni lile ua lililopinda ambalo kanga zimelibeba tangu enzi za bibi zetu. Na hapa tusimame kidogo tumpe mwongo heshima zake. Katika kompyuta ya Mikdad unachora korosho moja tu ndani ya kipande cha mraba, unaziweka kingo zioane, kisha unachora umbo lolote na kuliamuru lijae. Linajaa lenyewe, kona hadi kona, hujamaliza hata kupiga chafya.

"Malipo?" akauliza Bimdogo.

"Fremu yako, mwaka mzima bila kodi. Na chakula, mama, maana korosho hazichorwi na njaa."

Wakapatana: nakshi nzima, kwa mkono wa Mikdad, moja moja. Akapewa chumba cha uani chenye pazia zito. Kazi ilikwisha siku ya kwanza kabla ya adhuhuri. Siku zilizobaki alicheza karata kwenye kompyuta, na kila chakula kilipoiva alijimwagia maji usoni, akatoka akihema.

"Leo nilikuwa kona ya chini," alimwambia Bimdogo huku akimega changu wa kupaka. "Pale pana dhiki."

"Pole, mwanangu. Ongeza wali."

Siku moja Bimdogo akasimama mlangoni pa pazia. "Amiri wa kiwanda cha vitambaa ananisumbua. Anataka japo sampuli."

"Sampuli gani tena?"

"Hata korosho moja. Ila usimpe imekaa peke yake kama funza. Mpe na vijani vyake vya pembeni, ipendeze."

Mikdad akacheka tumboni. Korosho moja katika maelfu? Aliyepewa punje ya mchele hajapewa shamba. Tena sifa zilimlevya, akachagua kile kipande chenyewe cha mraba, kingo zake safi, akakitia kwenye flashi.

"Na ya pindo?"

"Chukua na ya pindo, mama. Ringa nazo."

Akarudi kwenye karata.

Alipoona changu wameanza kupungua, akaona heri amalize. Akatoka nje kutangaza kuwa korosho ya mwisho imechorwa. Mlangoni akapishana na wanawake watatu wamejifunga kanga mpya kabisa. Korosho zilikuwa zake.

"Mama, hizi zimetoka wapi?"

"Kiwandani," akasema Bimdogo kwa upole. "Amiri alipoiona sampuli aliniambia, umeleta kazi nzima, mashine zetu zinarudia zenyewe."

"Sasa mbona uliendelea kunilisha?"

"Ningekunyima wali, ungetoka nje kabla hazijachapwa."

"Na fremu yangu?"

"Tulipatana maelfu, moja moja, kwa mkono wako. Umechora ngapi? Sema kweli, leo Ijumaa."

Ulimi ule, kipaji cha Mungu, ukamgomea. Akisema maelfu, Amiri yupo.

"Moja," akasema.

Bimdogo akaingia ndani, akarudi na kisahani. Juu yake palikuwa na korosho moja, ya kukaanga. "Jasho la mtu halipotei," akasema. "Fremu kaingia Habiba na cherehani yake."

Mikdad akaila, angefanyaje. Kisha akaenda zake nyumbani, roho inamuuma, akiwaza ataipeleka wapi kompyuta yake mwezi ukiisha. Akamkuta mkewe, Mwanamkasi, anajitazama kwenye kioo.

"Bimdogo kanipa doti nzima bure," akasema mkewe. "Eti nikuvalie wewe wa kwanza. Imenikaa?"

Akageuka ampe mgongo, na Mikdad akalisoma jina la kanga pale lilipokaa, chini kidogo ya kiuno cha mkewe wa ndoa: SAMPULI TU IMENITOSHA.